Pwani ni ya Nani? Njia, Majina na Mandhari ya Ukunda kama Somo la Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yanachunguza njia za matembezi na vivutio vya mandhari vilivyo karibu na mji wa Ukunda, katika Kaunti ya Kwale, kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Hoja kuu ni kwamba msamiati wa Kiswahili na wa Chidigo unaotumiwa na wenyeji kuzitaja njia, miti, wanyama na nyakati za bahari si pambo la mazungumzo, bali ni ramani, ni kanuni ya usalama na ni ushahidi wa umiliki wa pamoja. Panapopotea neno, hupotea pia sehemu ya ramani hiyo. Makala yanapitia maeneo matano: ufuko wa Diani hadi mlango wa Mto Mwachema, miti ya barabara ya ufukweni, Kaya Kinondo, mikoko ya Gazi, na vilima vya Shimba pamoja na Shimoni na Wasini. Hatimaye yanatoa mapendekezo ya utafiti wa uwandani unaoweza kufanywa na wanafunzi wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mji wa Ukunda uko kwenye barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, yapata kilomita 30 kusini mwa Mombasa. Upande wa mashariki, kiasi cha kilomita 3 hivi, ipo Bahari ya Hindi na ufuko wa Diani ambao jina lake limevuma duniani kote. Upande wa magharibi vimeinuka vilima vya Shimba. Kusini, barabara inaelekea Kinondo, Gazi, Msambweni na hatimaye Shimoni. Ni nadra kupata mahali pengine ambapo mtu anaweza, katika muda wa siku chache na mara nyingi kwa miguu, kuona mwamba wa matumbawe, msitu mtakatifu, mikoko, maporomoko ya maji na kundi la tembo.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya eneo hili, lakini sehemu kubwa ya maandishi hayo imeandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano, na imemlenga mgeni atokaye mbali. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mwongozo wa matembezi ya Ukunda ulioandikwa kwa Kiswahili fasaha atasumbuka. Hali hii ni kinaya. Neno “safari” limetoka katika Kiswahili na kuingia katika lugha nyingi za utalii ulimwenguni, ilhali maelezo ya safari yenyewe, katika nchi ya lugha iliyolizaa neno hilo, hutolewa kwa lugha nyingine. Vijana wengi wanaoongoza wageni ufukweni wanajua kumwelezea Mjerumani mwamba wa bahari kwa Kijerumani, lakini hawakupewa nafasi popote ya kuyaandika kwa Kiswahili yale waliyofunzwa na wazazi wao wavuvi.

Makala haya hayadai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Kinyume chake ndicho kinachodaiwa: maneno yapo, ni mengi, na ni sahihi kuliko yale yanayopatikana katika vijitabu vya watalii. Kinachokosekana ni mtu wa kuyakusanya na kuyaandika.

2.0 Pwani: Neno na Haki

Ni vyema kuanza na neno ambalo kila mwanafunzi hulidhani analijua: pwani. Neno hili huhusishwa na kitenzi kupwa, yaani kupungua kwa maji ya bahari, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Kwa hiyo pwani, kwa maana yake ya ndani, ni mahali ambapo maji hupwa: ule ukanda unaofunikwa maji yanapojaa na kufunuliwa yanapopwa. Maana ya “eneo zima la karibu na bahari” ni upanuzi wa maana hiyo ya awali.

Kiambishi hicho hicho -ni kimejaa katika ramani ya eneo hili. Shimoni ni penye shimo, kwa sababu ya mapango yaliyopo hapo. Makongeni linamkumbusha msikilizaji mkonge. Hata dira ya Mswahili imejengwa hivyo: kusini ni upande unakotoka upepo wa kusi, na kaskazini ni upande unakotoka upepo wa kaskazi. Mtu anaposema kwamba Gazi iko kusini mwa Ukunda, anautaja upepo pasipo kujua.

Umuhimu wa uchanganuzi huu hauishii katika sarufi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa katika orodha ya ardhi ya umma. Ukisomwa kwa makini, ufafanuzi huo wa kisheria unalingana kabisa na maana ya asili ya neno pwani. Sheria imetumia maneno mengi kusema jambo ambalo lugha ilikwisha kulihifadhi katika silabi mbili: mahali maji yanapopwa si shamba la mtu.

Hata hivyo, haki ya kuwa pwani haina faida ikiwa hakuna njia ya kufika pwani. Tangu hoteli na nyumba za kifahari zilipoanza kujipanga kwenye ufuko wa Diani, wavuvi na wakazi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba vijia walivyovitumia kushuka baharini vimezibwa na kuta na mageti. Kijia kinapozibwa, athari yake ni zaidi ya kumzungusha mvuvi mwenye dema begani. Jina la kijia hicho hukosa wa kulitaja, na baada ya kizazi kimoja hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kiliwahi kuwapo. Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi wa lugha inapokutana na maslahi ya jamii. Orodha ya majina ya njia, iliyokusanywa kwa uangalifu kutoka kwa wazee, ni hati yenye uzito.

3.0 Ufuko wa Diani hadi Mlango wa Mwachema

Matembezi yaliyo mepesi kuliko yote ni yale ya kufuata mchanga kutoka Diani kuelekea kaskazini hadi mahali Mto Mwachema unapoingia baharini. Mchanga ni mweupe na laini, na mbele yake, upande wa bahari, umejipanga mwamba wa matumbawe unaoyavunja mawimbi makubwa. Kati ya ufuko na mwamba huo kuna maji ya kina kifupi ambayo, yanapopwa, huacha vidimbwi vyenye samaki wadogo, viti vya pweza, majongoo ya bahari na viumbe wenye miiba wasiofaa kukanyagwa kwa mguu mtupu. Ng’ambo ya mto, katika ufuko wa Tiwi, mwamba umechongwa na maji hata ukafanya mapango na vidimbwi vyenye kina. Kimojawapo kinafahamika sana kwa kuwa umbo lake linafanana na ramani ya Afrika.

Anayetaka kutembea mwambani hana budi kujifunza kalenda ya bahari. Wavuvi hutofautisha bamvua na maji mafu. Bamvua hutokea karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wakati huo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Maji mafu hutokea mwezi unapokuwa nusu, na tofauti hiyo huwa ndogo. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, kisha wakati huo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mtu anayejua tarehe ya mwezi anaweza, bila chombo chochote, kukadiria saa ya kwenda mwambani na, lililo muhimu zaidi, saa ya kurudi.

Maarifa haya ni suala la uhai. Maji yanapoanza kujaa hayamfuati mtembezi kutoka mbele tu. Huingia kwanza katika mikondo iliyo nyuma yake, kati ya mwamba na ufuko, na akitanabahi amekwisha kuzungukwa. Mlango wa Mwachema nao huvukika kwa miguu maji yakiwa yamepwa, lakini yakijaa huwa na mkondo mkali. Mgeni asiyejua neno bamvua anaweza kuonywa kwa ishara na asielewe. Anayelijua neno hilo amekwisha kuonywa tangu nyumbani.

Pepo nazo zina majira yake. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji maangavu yanayofaa kuzamia. Kusi huanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Septemba au zaidi. Bahari huchafuka, na ufuko hujaa mwani uliosukumwa na mawimbi. Kipindi cha mpito kati ya pepo hizo mbili huitwa maleleji. Mwongozo unaomwambia msomaji “njoo wakati wowote” haujaandikwa na mtu wa pwani.

Karibu na mlango wa Mwachema, upande wa Diani, upo Msikiti wa Kongo. Ni jengo la kale la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye mapaa ya mawe yaliyopindwa mfano wa pipa, nalo limezungukwa na mibuyu mikubwa. Msikiti huu haujawa gofu. Waumini wanaendelea kuswali humo. Kwa sababu hiyo mtembezi huingia kwa idhini, akiwa amevaa mavazi ya heshima na amevua viatu. Tofauti kati ya gofu na msikiti, ingawa yote mawili ni majengo ya kale, ni tofauti ambayo neno “kivutio” haliwezi kuibeba.

4.0 Miti ya Barabarani na Wakazi Wake

Barabara ya ufukweni ya Diani inapita katika mabaki ya msitu wa asili uliokuwa umeenea kwenye mwamba wa kale wa matumbawe. Mgeni mara nyingi huona “nyani” juu ya miti. Mwenyeji huona wanyama watano tofauti. Nyani ni mkubwa, mwenye uso mrefu kama wa mbwa, na hutembea sana ardhini. Tumbili ni mdogo, wa rangi ya kijivu, na uso wake ni mweusi. Kima ni mzito kuliko tumbili, manyoya yake ni ya giza, na koo lake ni jeupe. Mbega ana manyoya marefu meusi, na nywele nyeupe usoni na mabegani. Komba ni mdogo kuliko wote, ana macho makubwa, hutoka usiku, na sauti yake ni kama kilio cha mtoto.

Mbega ndiye mwenye shida kubwa. Yeye hula zaidi majani, na tumbo lake limeumbwa kwa chakula hicho; mkono wake hauna kidole gumba kilichokamilika. Anahitaji miti ya asili iliyoungana, na miti ikikatwa hulazimika kushuka chini na kuvuka barabara, ambapo magari humwua. Nyaya za umeme nazo humwangamiza. Mwaka 1997 lilianzishwa Diani shirika la kumhifadhi mnyama huyu, ambalo awali lilijulikana kwa jina la Wakuluzu, kutokana na kuluzu, jina la wenyeji la mbega. Shirika hilo limetundika ngazi za kamba juu ya barabara, kutoka mti hadi mti, na mbega na kima wamezizoea. Mtembezi anayesimama chini ya mojawapo ya ngazi hizo mapema asubuhi anaweza kuona familia nzima ikivuka huku matatu zikipita chini yake.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuzingatia ni kwamba uhifadhi huanza na utambuzi. Jamii isiyotofautisha kima na mbega haiwezi kujua kwamba mmoja anapungua. Mwalimu wa shule ya msingi anayewafundisha watoto majina haya matano, badala ya kuwaachia neno moja la jumla, amekwisha kufanya kazi ya uhifadhi. Aidha, atawafundisha kwamba kuwapa wanyama hawa mikate na ndizi si ukarimu: huwazoesha kuvamia nyumba, na hatimaye huwaletea kifo.

5.0 Kaya Kinondo: Msitu Wenye Adabu

Kusini mwa Galu, karibu na bahari, upo msitu wa Kaya Kinondo. Katika Kiswahili sanifu, kaya ni watu wa nyumba moja. Ndiyo maana hesabu ya watu huzungumzia idadi ya kaya. Katika lugha za Wamijikenda, kaya ni zaidi ya hapo: ni mji wa asili uliozungukwa na msitu, uliojengwa kwa ajili ya ulinzi. Miji hiyo ilianza kujengwa tangu karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhama na kwenda kuishi mashambani. Msitu ulibaki, na pamoja nao makaburi, mahali pa ibada na mamlaka ya wazee.

Mwaka 1992 kaya kadhaa za pwani, Kinondo ikiwa miongoni mwazo, zilitangazwa kuwa turathi za taifa. Mwaka 2001 wazee wa Kinondo waliufungua msitu wao kwa wageni kwa masharti yao wenyewe. Mwaka 2008 Misitu Mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Kaya Kinondo ni mojawapo ya misitu hiyo. Mwaka 2009 mila na desturi zinazohusiana na kaya ziliwekwa katika orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kuokolewa kwa haraka.

Masharti ya kuingia ni sehemu ya ziara yenyewe. Mgeni hujifunga shuka nyeusi ya kaniki kiunoni. Haruhusiwi kuokota chochote, hata jani lililoanguka au jiwe. Haruhusiwi kukumbatiana wala kubusu. Na hutembea nyuma ya mwongozaji aliyekabidhiwa na wazee. Mwongozaji huonyesha miti kwa majina ya Chidigo na kueleza matumizi yake: huu hutibu tumbo, huu hutuliza homa, huu haukatwi kabisa. Njia ni nyembamba, mizizi imeyakumbatia mawe ya matumbawe, na mwanga hupenya kwa shida.

Mwanafunzi wa isimu atapata hapa darasa la sauti linganishi. Panapo j katika maneno mengi ya Kiswahili, Chidigo kina dz: mji ni mudzi, maji ni madzi, jina ni dzina. Jina Mijikenda lenyewe linaeleweka vizuri zaidi likikumbukwa kuwa ni midzi tisa. Kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato, iliyotolewa mwaka 2004, imerahisisha sana kazi ya kulinganisha. Lakini kamusi haiwezi kumwonyesha mtafiti mti ulipo. Hilo linafanywa na mzee, na akiondoka mzee, jina hubaki kwenye karatasi pasipo mti wa kulishika.

Somo kubwa la Kinondo, hata hivyo, ni la mamlaka. Hapa wenyeji hawakuacha mandhari yao yasimuliwe na wengine. Wao ndio wenye njia, wenye lugha ya njia, na wenye kauli ya mwisho kuhusu nani anapita na vipi. Baadhi ya kaya nyingine za karibu na Ukunda, ambazo viwanja vya ufukweni vimezisonga kila upande, hazikupata bahati hiyo.

6.0 Mikoko ya Gazi

Yapata kilomita 20 kusini mwa Ukunda ni kijiji cha Gazi. Kihistoria kinajulikana kuwa ngome ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyeasi dhidi ya utawala wa Waingereza mwaka 1895 hadi 1896. Leo wageni wengi hufika kwa ajili ya mikoko. Kikundi cha wanawake wa kijiji kimejenga daraja la mbao linalopita ndani ya msitu wa mikoko, na malipo ya wageni husaidia mahitaji ya kijiji.

Mtu asiye na habari huiita miti yote hiyo mikoko. Jina hilo la jumla linatosha kwa mazungumzo ya kawaida, lakini anayetembea juu ya daraja la Gazi atajifunza kutofautisha. Mlilana huota mbele, karibu na maji ya bahari, na mbao zake hufaa kwa mataruma ya vyombo. Mkoko wenyewe hujulikana kwa mizizi yake iliyopinda kama miguu ya buibui. Muia na mkandaa hufuata nyuma. Ganda la mkandaa hutoa rangi. Mchu hutoa mizizi midogo inayochomoza juu ya tope kama kalamu zilizosimikwa. Mkomafi huzaa tunda kubwa la mviringo. Mpangilio huu kutoka baharini kwenda bara hautokani na bahati: kila mti umechagua kiwango chake cha chumvi na cha maji, na aliyekwisha kuyajua majina anaweza kusema yuko umbali gani na bahari hata kama haioni.

Wajenzi nao wana msamiati wao. Nguzo za mikoko zilizokatwa hupewa majina kulingana na unene, kuanzia fito, pau, mazio, boriti hadi nguzo zenyewe. Msamiati huu ulikuwa kipimo cha biashara katika bandari za Bahari ya Hindi, kwani boriti za pwani hii zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Umaarufu wa biashara hiyo ndio uliochangia kumaliza misitu.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti na tope lake. Mapato yametumika katika huduma za pamoja kama vile maji na elimu. Mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Inafaa kuangalia jina lililochaguliwa. “Pamoja” si neno la mapambo hapa: ni muhtasari wa masharti ya mradi, kwamba faida si ya mtu mmoja. Wazo lile lile lililofichwa ndani ya neno pwani limejitokeza waziwazi.

7.0 Kupanda Shimba, Kushuka Shimoni

Anayechoka na mchanga anaweza kupanda bara. Hifadhi ya Taifa ya Shimba, iliyotangazwa mwaka 1968, iko juu ya vilima vinavyotazama bahari, karibu na mji wa Kwale. Hapa ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala wanaishi porini. Dume la palahala ni jeusi lenye tumbo jeupe na pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma. Wengi wa wanafunzi wa Kiswahili hawajawahi kulisikia neno palahala, na huona ajabu kwamba mnyama huyo ana jina la Kiswahili linalopatikana katika kamusi. Matembezi ya kwenda kwenye maporomoko ya Sheldrick hufanywa pamoja na askari wa wanyamapori, kwa kuwa tembo hupita njia hizo hizo. Kaskazini mwa hifadhi, tangu mwaka 1995, wakulima wa Mwaluganje walikubali kuitenga ardhi yao iwe hifadhi ya tembo na kugawana mapato ya wageni, badala ya kuendelea kupigana na wanyama hao kila msimu wa mahindi.

Upande wa kusini kabisa, Shimoni na kisiwa cha Wasini vinampa mtembezi mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni bahari: Hifadhi ya Bahari ya Kisite na Mpunguti, yenye matumbawe hai, kasa na pomboo. La pili ni lugha. Wasini ni nyumbani kwa Chivumba, na Chifunzi husikika katika vijiji vya jirani. Majina yenyewe ya lahaja hizi yanaonyesha kiambishi chi- pale ambapo Kiswahili sanifu kina ki-. Mwanafunzi aliyesoma habari za lahaja katika vitabu tu atashangaa kuzisikia zikitumiwa kununulia samaki. Kisiwani Wasini, kikundi cha wanawake kimejenga njia ya mbao katika bustani ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, huku mapango ya Shimoni yakitunza simulizi za wenyeji kuhusu mateka waliozuiliwa humo kabla ya kusafirishwa utumwani. Njia ya mapango hayo haina furaha, na mwongozaji mzuri hushusha sauti anapoingia.

8.0 Majina Yanayoondoka

Katika maeneo yote yaliyopitiwa, limejitokeza jambo moja. Mahali ambapo wenyeji wanaendelea kutumia majina yao, kama Kinondo, Gazi na Wasini, wanaendelea pia kuwa na sauti kuhusu matumizi ya mahali hapo. Mahali ambapo majina yamechukuliwa na majengo, sauti yao imefifia. Leo hii mkazi wa Ukunda anapomwelekeza dereva wa bodaboda ufukweni Diani, mara nyingi hutaja jina la hoteli au la duka kubwa. Hoteli ikifungwa au ikibadili mmiliki, alama hubadilika, na hakuna linalobaki. Jina la asili lililotokana na mti, mwamba au ukoo lilidumu kuliko jengo lolote.

Haifai, hata hivyo, kuliangalia suala hili kwa huzuni tupu. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany alionyesha njia alipotunga Sambo ya Kiwandeo (1979), akihifadhi msamiati wa uundaji wa vyombo vya Lamu, na Umbuji wa Mnazi (1985) kuhusu mnazi na matumizi yake. Alichokifanya kwa vyombo na kwa mnazi kinaweza kufanywa kwa njia, miamba na miti ya pwani ya kusini. Hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji miguu, daftari na adabu ya kuuliza.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mandhari ya Ukunda ni matini inayosomeka, na kwamba Kiswahili, kikisaidiana na Chidigo na lahaja za kusini, ndicho ufunguo wa kuisoma. Katiba ya Kenya, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inalitaka taifa kulinda na kukuza lugha za wenyeji. Wajibu huo hautatimizwa darasani peke yake. Kwa hiyo mapendekezo yafuatayo yanatolewa kwa vyama vya wanafunzi na idara za Kiswahili:

(a) Ukusanywe msamiati wa njia za kushukia pwani kati ya Tiwi na Galu, kwa kuwahoji wavuvi na wazee, na kila jina liandikwe pamoja na mahali lilipo na maana inayotolewa na wenyeji. Maana zinazotofautiana zote ziandikwe. Mtafiti asichague ile inayompendeza.

(b) Majina ya mahali yanayoanza kwa Mwa-, kama vile Mwachema, Mwabungo na Mwaluganje, yalinganishwe na majina ya koo na ya watu yenye kiambishi hicho hicho, ili ibainike yapi yana asili ya ukoo.

(c) Wazee wa Kwale waulizwe maporomoko ya Sheldrick yaliitwaje kabla ya jina hilo, na majibu yao yahifadhiwe kwa maandishi na kwa sauti.

(d) Uandikwe mwongozo mfupi wa matembezi kwa Kiswahili, wenye kalenda ya bamvua na maji mafu, adabu za kaya na za msikiti, na majina sahihi ya wanyama na miti. Mwongozo huo uandikwe pamoja na waongozaji wa Kinondo, Gazi na Wasini, na nakala zake zirejeshwe kwao na kwa shule za msingi za eneo hilo.

Swali lililo katika kichwa cha makala haya linajibiwa na neno lenyewe. Pwani ni mahali maji yanapopwa, na maji hayajawahi kumpwea mtu mmoja. Lakini jibu hilo litaendelea kusikika iwapo tu watakuwapo watu wanaolijua neno, wanaoijua njia ya kulifikia, na wanaoweza kumwonyesha mtoto kwa kidole na kumwambia njia hiyo inaitwaje.